Umenyanyua Hilux, umefunga diski nyuma, breki za nyuma hazishiki? Soma hapa kwanza kabla hujanunua masta silinda

Hii ni kwa wenzangu wa Mwanza wenye Hilux za zamani, zile zenye springi za bapa nyuma. Wengi wetu tumezinyanyua, tumeongeza bapa ili gari lisilale likitoka Mwaloni Kirumba na magunia ya dagaa, na siku hizi kuna huu mtindo wa kutoa dramu za nyuma na kufunga diski. Gari linapendeza, sikatai. Ila likishatoka gereji unagundua breki zote zinafanywa na mbele, ukikanyaga pua inainama na nyuma inakusukuma. Langu lilitoka hivyohivyo na kushuka nalo Bugando likiwa na mzigo inatisha jamani.

Jibu utakalopewa kwenye gereji nyingi ni kwamba masta silinda (ile pampu inayosukumwa na pedali kupeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu) ni ndogo, tafuta kubwa. Mimi hilo nililikataa na ninaomba na wewe ulikatae mpaka upewe sababu. Masta kubwa inasukuma mafuta mengi, sawa, kwa hiyo kama pedali inashuka mpaka karibu na sakafu na hakuna upepo kwenye mfumo, hapo inaweza kusaidia kwa sababu kalipa (ile inayobana pedi kwenye diski) inameza mafuta mengi kuliko wili silinda ya dramu (ile ndogo inayosukuma viatu vya breki). Lakini kwa mguu uleule na nguvu ileile, masta pana inatoa presha NDOGO. Sasa tatizo lako ni breki kutoshika halafu unaenda kupunguza presha, hela imeondoka na gari limezidi kuwa bovu.

Kitu ambacho watu hawaambiwi wakati wa kubadilisha ni kwamba dramu inajisaidia yenyewe. Kiatu cha mbele kikigusa dramu inayozunguka, mzunguko wenyewe unakivuta kijibane zaidi, ndio maana dramu inashika vizuri kwa presha ndogo. Diski haina huo msaada, inashika kwa kadiri inavyosukumwa tu. Kiwandani walipopanga presha ya kwenda nyuma walipangia dramu, wewe umeweka diski na presha imebaki ya dramu.

Twende kwenye kutafuta ugonjwa. Anza na nipo, yaani vile vichuchu vya kutolea upepo kwenye kalipa. Nipo LAZIMA iwe juu. Kalipa za mtumba zikifungwa kulia kwenda kushoto zinaingia vizuri kabisa, bolti zinakaa, ila nipo inaangalia chini, na upepo kawaida yake unapanda juu ya pistoni unakaa huko. Utatoa upepo mpaka jioni, mafuta yanatoka safi bila povu, na pedali bado inadunda kama sponji. Badilisha kalipa pande, kazi fupi.

Halafu angalia mpira wa breki unaotoka kwenye fremu kwenda kwenye difu (ekseli ya nyuma). Gari likinyanyuliwa ule mpira unavutika, ukiona umekaza kama kamba weka mrefu. Ukiwa wa zamani unaweza kuwa umevimba kwa ndani na kuziba njia wakati nje unaonekana mzima.

Sasa hapa ndipo kwenye kiini chenyewe, ile proposheni valvu. Ingia chini ya gari, juu ya difu utaona valvu imefungwa kwenye fremu na kuna fimbo ndefu nyembamba ya chuma inatoka hapo kwenda kushika kwenye difu. Kazi yake ni kupima mzigo. Ukipakia, fremu inashuka kuifuata difu, fimbo inasukumwa juu, valvu inaruhusu presha zaidi nyuma. Gari likiwa tupu fimbo iko chini, valvu inabana, kwa sababu gari tupu likikanyagwa breki uzito mwingi unakimbilia mbele na nyuma ikipewa presha yote tairi zinalala, yaani zinagoma kuzunguka na kuteleza, na gari linageuka. Ni akili nzuri sana ya watengenezaji. Ila wewe ukinyanyua gari sentimita 5, fimbo imeshuka sentimita 5, na valvu inaamini gari ni tupu kuliko tupu, hata ukipakia bado inabana.

Kuthibitisha hili usikisie, tafuta geji ya presha ya breki ufunge kwenye tundu la nipo ya kalipa ya nyuma. Sisi tulifanya hivyo, injini ikiwa inaunguruma ili busta (inayoongezea mguu nguvu) ifanye kazi, fundi yuko chini mimi niko kwenye usukani.

"Kaka kanyaga taratibu. Ongeza. Ongeza tena."

"Nimekanyaga yote fundi."

"Mshale umegoma kupanda. Achia, halafu kanyaga upya nikiwa nimeinua hii fimbo."

Akaishika ile fimbo akaisukuma juu kwa mkono, nikaachia nikakanyaga tena, na mshale ukapanda ukapita pale ulipokuwa umegomea. Hapo hakuna ubishi tena, masta nzima, busta nzima, valvu ndiyo inayobana.

Dawa yake ni kipande cha chuma cha kunyanyulia mwisho wa fimbo kule kwenye difu, kiwe na urefu sawa na ulivyonyanyua gari. Fundi wa kuchomelea mzuri anakutengenezea. Na wakati wa kutoa upepo usipige jeki kwenye fremu ukaacha difu inaning'inia, valvu itajibana na mafuta hayatapita vizuri, weka stendi chini ya difu yenyewe. Pia valvu nyingi za hizi gari zina nipo yake, usiisahau.

Kuna wanaoitoa valvu kabisa wakaunganisha paipu moja kwa moja. Nawaomba kwa moyo wote msifanye hivyo kwenye gari linalobeba watu. Mvua ikinyesha barabara ya kwenda Usagara, gari tupu, mtoto akakatiza, nyuma italala kabla ya mbele na huna cha kufanya na usukani. Ukitaka kuitoa basi weka ile ya kurekebisha kwa mkono kwenye paipu ya nyuma, na ujue hiyo inapunguza tu haiongezi. Ukimaliza kafanyie majaribio kwenye uwanja mtupu, mwendo mdogo, gari tupu, mwenzako asimame pembeni aangalie: tairi za mbele ndizo zitangulie kulala. Zikitangulia za nyuma, punguza.

Mafuta ya breki weka mapya, DOT 3 mpya inachemka nyuzi 205 ila ikishanyonya maji inashuka mpaka 140 hivi, na chupa iliyokaa wazi dukani usinunue. Pedi mpya nazo hazishiki vizuri mpaka zizoeane na diski, toka mwendo wa 60 punguza mpaka 10, rudia mara kadhaa bila kusimama kabisa.

La mwisho ni hendibreki. Kalipa nyingi zinazofungwa hazina sehemu ya waya wa hendibreki, na ukishatoa dramu umeitoa na hendibreki. Kwa mji wetu huu wa milima na mawe hilo sio jambo dogo, na ukiwa kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga, pale kwenye mteremko wa kuingilia, kuna watu wamesimama na mizigo mbele ya bampa lako. Kabla hujalipa kalipa muulize muuzaji kama ina mkono wa hendibreki, kama haina tafuta nyingine.