Mgeni wetu wa asubuhi
Mtoto wetu wa kwanza ana siku 9, na leo asubuhi mhudumu wa afya ngazi ya jamii alipanda njia ya mawe hadi kwetu Mabatini, jijini Mwanza, kuja kututazama.

Alikagua kitovu, akanirekebishia namna ya kumpakata mtoto ninapomnyonyesha, akasisitiza maziwa ya mama pekee hadi miezi 6, bila hata maji.

Kisha akamgeukia mume wangu, aliyekuwa mlangoni akijiandaa kwenda mwaloni Kirumba, akamwomba avue shati na kumlaza mwanawe kifuani.

Mikono ile iliyozoea kuvuta nyavu ilitetemeka.

Ilitulia mtoto aliposinzia, na baba yake hakuondoka tena hadi adhuhuri.

Ndugu zangu wazazi, ni nani aliyewashika mkono siku zile za mwanzo?