Siku Baba Alipofungua Lumbesa

Gunia la lumbesa huanza kama gunia lolote. Wajazaji humimina viazi mpaka mdomoni, na kwa kipimo cha haki hapo ndipo mtu angelishona na kuendelea na jingine. Wao hupanga viazi vikubwa kuzunguka mdomo, duara juu ya duara, wakivibana kwa shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, na kamba ya manila mpaka gunia livae kilemba. Mkulima analipwa gunia moja. Nauli ya lori hutozwa kwa gunia, ushuru hali kadhalika, na huko Dar es Salaam, karibu kilomita 700 kutoka kwetu Njombe, viazi vinauzwa kwa ndoo na kwa mafungu. Kilemba chote ni faida ya mwenye mzigo. Sheria ya Vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini yenye kilo 130 na zaidi yalikuwa yakipandishwa kwenye lori la Fuso mchana kweupe.

Baba alikuwa dalali wa viazi na mzee wa kanisa katika usharika wetu wa Kanisa la Kilutheri, KKKT. Nilipomaliza kidato cha nne alinichukua nimshikie daftari: jina la mkulima, idadi ya magunia, hela iliyotoka. Kamisheni ya msimu ule wa 2008 ilikuwa na kazi yake tayari, nayo ni ada yangu ya chuo cha ualimu. Tajiri mnunuzi aliyemzoea, ambaye alikubali gunia lililoshonwa mdomoni, alikuwa ameacha biashara. Akaja mwingine, na wajazaji wake.

Ilikuwa Aprili, matope yamejaa njiani na ukungu haujainuka. Tulianzia kwa mama mmoja mjane aliyekuwa amechimba viazi na wanawe tangu juzi yake. "Kamwene, mama," baba akamsalimu, wakajuliana hali, kazi ikaanza. Magunia ya mwanzo yakavikwa vilemba. Mama alisimama pembeni amejifunika shuka, akitazama rundo lake likiisha. Alikuwa amelihesabia magunia 20. Mimi na daftari langu niliona tutaishia kama 15.

"Fungueni hayo," baba akasema.

Wajazaji wakamtazama tajiri. Naye hakugomba, alizungumza kwa upole kabisa: "Mzee, sokoni gunia ndilo hili. Usipojaza wewe, atajaza mwingine."

"Basi ajaze huyo mwingine. Mimi nina Bwana wangu, na hili amenikataza."

Hakuna aliyesogea. Baba akapiga magoti kwenye tope, akaanza kufungua mwenyewe. Fundo lilikuwa limelowa, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, akaliuma kwa meno mpaka likalegea. Viazi vya juu vikaporomoka. Akahamia gunia la pili. Nikaweka daftari chini, nikapiga magoti upande wa pili, nikafungua naye. Nilijua ninachokifungua. Kila kamba iliyolegea ilikuwa inaondoka na ada yangu, na moyo wangu haukuwa radhi hata kidogo. Mikono tu ndiyo iliyotii.

Fuso iligeuza, ikaenda kijiji cha pili.

Mama yule hakushangilia. "Sasa baba, nitamuuzia nani?" akauliza, na lilikuwa swali la haki. Viazi vilivyochimbwa havisubiri. Jambo hili husahaulika sana tunapohubiri utii: mtu anapomtii Mungu, hata aliye karibu naye anaonja gharama, na hakuulizwa. Baba alilijua. Wiki mbili zilizofuata tulivipeleka viazi vyake sokoni Njombe kwa baiskeli, debe kwa debe, tukauza reja reja, na hela yote ikawa yake. Baba hakuchukua kamisheni.

Usiku ule, baada ya sala ya nyumbani, nilimwuliza, "Baba, na ada?"

Alikaa kimya kidogo. "Nimeiwaza tangu asubuhi, mwanangu. Inaniuma. Lakini nilichokataa leo siwezi kukikubali kesho kwa sababu ya ada yako."

Kisha akaniambia nimsomee maelezo ya amri ya saba katika Katekisimo Ndogo ya Luther, ile niliyoikariri kwa ajili ya kipaimara. Usiibe. Nilidhani naijua. Luther hakuishia kwa mwizi anayevunja mlango. Anataja pia mali ya jirani inayopatikana kwa biashara ya udanganyifu, na anatudai tumsaidie jirani kuilinda na kuiongeza riziki yake. Na kabla ya hayo yote, kama katika kila amri, anaanza na kumcha na kumpenda Mungu. Baba alinirudisha hapo. Akasema tajiri ana mamlaka juu ya hela yake na serikali ina mamlaka juu ya mizani, ila aliye juu ya mkono unaojaza gunia ni Mungu, na huyo yuko shambani hata mkaguzi asipofika. Yakobo ameandika, "Basi mtiini Mungu." Baba aliliamini neno hilo kwa ukubwa wake wote, akaomba, na katika maombi yale alimtaja yule tajiri kwa jina, safari yake ya barabarani na watoto wake. Nilishindwa kuitikia amina kwa sauti.

Mwaka ule sikwenda chuo. Nililima vinyungu, bustani za bondeni, na mama yangu. Nikaenda baadaye, kwa hela ya mahindi na mkopo wa mjomba.

Siku hizi nafundisha kipaimara, na tukifika amri ya saba huwa nawasimulia watoto habari hii. Kila mwaka kuna anayeuliza kama Mungu alimrudishia baba ile hela. Nawaambia hapana. Tajiri hakurudi, kamisheni haikurudi, na baba aliendelea na udalali mdogo wa magunia yaliyoshonwa mdomoni mpaka miguu ilipomkataza.