Betri kwapani

Kwetu Tanga, ukitaka kushuti filamu nje unaomba mvua isinyeshe tu. Hapa Finland nilijiandaa na baridi ya mwili: soksi mbilimbili, glovu, chai kwenye chupa. Baridi ya vifaa sikuifikiria.

Ilikuwa katikati ya Januari, nyuzi 17 chini ya sifuri. Tulikuwa tunashuti filamu ya shule kisiwani Suomenlinna, kwenye kuta za ngome ya zamani, mwendo wa dakika 15 kwa feri kutoka katikati ya Helsinki. Msimu ule jua huchomoza baada ya saa 3 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 jioni. Tulikuwa na betri 4. Ya kwanza, ambayo ndani ya nyumba hunipa zaidi ya dakika 90, ilikata baada ya dakika 20. Ya pili ikafuata. Nikageukia baharini wenzangu wasinione machozi.

Mwigizaji wangu mkuu ni mzee wa Kikongo, mtu wa Bukavu, tunamwita Papa. Akanyoosha mkono. "Leta izo betri, mwanangu. Mu koti yangu muko moto."

Akazitia kwapani, chini ya sweta, akasimama pale akinong'ona maneno yake ya sini inayofuata. Baada ya robo saa, betri niliyoihesabu imekufa ikawaka tena. Kumbe chaji haikuwa imeisha. Baridi huzubaisha betri ya lithiamu, inashindwa kutoa umeme ilionao mpaka ipate joto. Kuanzia hapo zikawa zinapokezana: moja kwenye kamera, tatu kwa Papa.

Theluji nayo ikikanyagwa, sini hairudiwi pale. Mazoezi tukafanyia nyuma ya ukuta, kisha Papa akapita kwenye theluji safi mara moja tu. Ukiitazama filamu utaona anatembea mikono imebana ubavuni, kama mtu aliyebeba huzuni. Zile ni betri zetu. Naipenda picha ile kuliko zote. Mchukua sauti naye, koti lake la nailoni lilikuwa linachakacha mpaka linaingia kwenye maiki. Akalivua bila kuambiwa, akabaki na sweta la sufu kwenye upepo ule. Sijamsahau.

Kabla ya kuingia ndani ya feri, niliifunga kamera kwenye mfuko wa plastiki ingali baridi. Ukiiingiza wazi kwenye joto, lenzi inatoka jasho, na unyevu ukipenya ndani umeharibu mali ya shule. Wenzangu walitamani kuona picha palepale. Nikakataa. Tukasubiri jikoni kwangu, mfuko uko mezani, umande ukishika plastiki kwa nje.

Papa alipovua koti, betri moja ilikuwa bado kwapani. Akaniwekea kiganjani. Ilikuwa na joto kama yai lililotoka kutagwa.