Jinsi nilivyochagua paneli za kuzuia risasi kwa chumba cha fedha cha SACCO yetu, Busia

Kazi hii niliipewa kwa sababu mimi ndiye niliyesimamia ujenzi wa kaunta ya kwanza ya SACCO yetu hapa Busia, upande wa Uganda, na bodi ikaona kwamba aliyeijenga ndiye ajue pia namna ya kuikinga. Wanachama wetu wengi ni wafanyabiashara wa mpakani na madereva wa malori, kwa hiyo siku ya soko chumba cha fedha hupokea shilingi za Uganda na za Kenya kwa pamoja, na kiasi kinachosubiri kupelekwa benki si cha kulindwa kwa mbao na kioo cha dirisha. Ofisi yetu iko ghorofani, katika jengo la kupanga, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Jambo hilo sikulitilia maanani mwanzoni, lakini ndilo lililokuja kuamua karibu kila kitu.

Bei ya kwanza tuliyoletewa iliandikwa kwa mstari mmoja: paneli za kuzuia risasi, daraja la 3, mita za mraba 46. Bodi ilifurahi, maana fedha zilitosha kuzungushia kaunta yote, chumba cha fedha na hata ofisi ya meneja. Mimi pia nilikuwa karibu kutia sahihi, kwa kuwa nilikuwa nimesoma kwamba daraja la tatu huzuia risasi ya bunduki kubwa. Kilichonizuia ni tarakimu yenyewe. Nilikokuwa nimesoma iliandikwa kwa Kirumi, III, ilhali kwenye karatasi ya muuzaji iliandikwa 3, nami nikataka kujua kama ni kitu kimoja.

Si kitu kimoja hata kidogo. Kuna kiwango cha Marekani kiitwacho UL 752, ambacho ndicho hutumika zaidi kwa kuta na kaunta za majengo, na daraja lake la 3 hupimwa kwa bastola ya .44 Magnum, risasi tatu. Kuna kiwango kingine cha huko huko Marekani, NIJ 0108.01 cha mwaka 1985, ambacho daraja lake la III hupimwa kwa risasi ya bunduki ya kijeshi ya 7.62 kwa 51 (yaani kipenyo cha risasi na urefu wa ganda lake, kwa milimita), inayokwenda kasi ya mita 838 hivi kwa sekunde. Anayetaka kinga ya namna hiyo katika UL 752 hana budi kuagiza daraja la 8, ambalo hupigwa risasi tano za aina hiyo hiyo kwa kasi hiyo hiyo. Wazungu wa Ulaya nao wana madaraja yao, BR kwa vioo na FB kwa milango na madirisha. Nilipompigia muuzaji kumwuliza daraja lake la 3 ni la kiwango gani, alinijibu, "Bwana Katibu, daraja ni daraja." Nikafahamu kwamba ripoti ya maabara hana.

Hapo ndipo nilipojiuliza swali ambalo lingetangulia yote: ni silaha gani hasa inayoweza kufyatuliwa katika jengo letu? Sikuhitaji kutafuta mbali. Askari wetu wa zamu ya usiku, kama walivyo askari wengi wa makampuni ya ulinzi nchini Uganda, hushika ile bunduki tunayoiita SMG, yaani AK, na majambazi wakija, ama watakuwa na ya kwao ya namna hiyo ama watampokonya huyo askari. Risasi yake ni 7.62 kwa 39, ina uzito wa gramu 8 hivi na kasi ya mita zipatazo 715 kwa sekunde. Paneli iliyopimwa kwa bastola haiwezi kuisimamisha. Ajabu ni kwamba UL 752 haina daraja linalotumia risasi hiyo. Daraja la 8 hutumia risasi yenye nguvu zaidi, lakini ya SMG kwa kawaida ina kiini cha chuma laini ndani, na kiini cha chuma hupenya kwa namna tofauti na kile cha madini laini ya risasi peke yake. Kwa hiyo nilimwandikia kila muuzaji sharti moja: pamoja na cheti cha daraja la 8, alete ripoti ya jaribio inayoitaja 7.62 kwa 39 kwa jina. Kati ya watano waliojibu, wawili tu waliileta.

Mwenye jengo, Hajji, aliposikia habari za paneli alipanda ngazi mwenyewe. "Mwanangu, hiyo sakafu niliimimina kwa ajili ya meza na watu, si kwa ajili ya ngome," aliniambia, na alikuwa na haki. Tulimleta mhandisi aliyepima sakafu akatupa kikomo cha tani moja na kidogo kwa kinga yote. Paneli za nyuzi za kioo (fiberglass) za daraja la 3 zina unene wa milimita 12 hivi na uzito wa karibu kilo 24 kwa mita ya mraba; zile za daraja la 8 hufika milimita 35 na karibu kilo 70. Kwa hesabu hiyo, mita 46 za kinga ya bastola zina uzito wa karibu kilo 1,100, na uzito huo huo unatosha mita 15 tu za kinga ya SMG.

Mkutano wa bodi ulikuwa mrefu. Mama Mwenyekiti aliuliza kwa nini meneja na wateja waachwe nje ya kinga, na swali lake halikuwa jepesi. Nilijibu kwamba ukuta wa daraja la 3 mbele ya SMG ni pazia, tena ni pazia lenye hatari, kwa kuwa karani atajificha nyuma yake badala ya kukimbia. Nilipendekeza tupunguze madirisha ya kaunta kutoka matatu hadi mawili, tukinge mbele ya makarani wawili na chumba cha fedha kilicho nyuma yao, na mlango wa ofisi ya meneja uhamishwe ili naye akimbilie humo humo. Kioo ndicho kilichonisukuma kwenye madirisha mawili, kwani kila milimita moja ya kioo ina uzito wa kilo 2.5 kwa mita ya mraba, na kioo cha kuzuia bunduki ni cha tabaka nyingi. Walikubali, ingawa mjumbe mmoja bado ananitania kwamba nilimnyima dirisha lake.

Kuhusu malighafi ya paneli yenyewe, fundi wetu wa kuchomelea alitaka tutumie bamba la chuma, na ni kweli kwamba chuma kigumu maalumu ni chembamba na hata chepesi kidogo kuliko nyuzi za kioo kwa daraja hili. Lakini chuma cha kawaida cha dukani si kinga, na hata kile maalumu huidundisha risasi au kuivunja vipande vinavyoruka kando, jambo baya katika chumba chenye watu. Nyuzi za kioo huachana tabaka kwa tabaka na kuimeza risasi. Paneli nyepesi za plastiki ngumu niliziacha, kwa kuwa hazipendi joto na dari yetu iko chini ya mabati.

Paneli zilipofika kupitia Mombasa, nilidhani kazi imekwisha, kumbe udhaifu wa ukuta uko kwenye maungio. Kila paneli mbili zinapokutana tuliweka nyuma yake ukanda wa paneli hiyo hiyo wenye upana wa sentimita 10, nusu kila upande. Fremu ya mlango ilibidi iwe ya daraja moja na mlango, na soketi za umeme zikakaa juu ya paneli bila kuikata. Ukuta wa barabarani, ambao ni wa tofali moja jembamba, nao ulivishwa paneli upande wa ndani, kwa sababu risasi ya bunduki huweza kuupenya.

Miezi minne baadaye kijana wa intaneti alitoboa paneli ya chumba cha fedha kupitisha waya, tundu la ukubwa wa kidole gumba. Tulilifunika kwa kipande kilichobaki, waya ukapitishwa juu ya dari, na funguo za chumba hicho sasa zinakaa kwangu kila fundi anapoingia.