Simu iko Feri na mama

"Kaka samahani saa 4 asubuhi simu inakua Feri na mama. Inarudi usiku."

Meseji hiyo iliingia mwezi wa nne 2020, saa tatu na nusu usiku, nimekaa chini na laptopu kwenye chumba nilichopanga Kijitonyama, Dar es Salaam. Feri ni soko la samaki hapa mjini. Simu nimeshabadilisha mara mbili toka siku ile lakini hiyo meseji nimehama nayo kila mara.

Shule zilifungwa tarehe 17 mwezi wa tatu, siku moja baada ya kutangazwa mgonjwa wa kwanza wa corona nchini. Mimi na mwenzangu niliyesoma naye CoICT, koleji ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tulikuwa na aplikesheni ya tuisheni tuliyoijenga miezi saba, mchana tunatengeneza tovuti za watu ili tupate kodi na chakula, usiku tunarudi kwenye ya kwetu, na zilipofungwa shule tukaona sasa ndio wakati wake maana watoto wako nyumbani na walimu wako nyumbani. Tukampata mwalimu wa hesabu akakubali kufundisha laivu kidato cha nne kila siku saa nne asubuhi. Hesabu tuliichagua makusudi kabisa. Basic Mathematics ndio somo linaloangusha watoto wengi kuliko yote kwenye mtihani wa kidato cha nne, miaka ile waliokuwa wanafaulu ni kama mmoja kati ya watano, na mimi nimekaa darasani na hao wanne wengine, nawajua, walikuwa na akili kunizidi.

Tulijua hatukuwa wa kwanza. Kenya walikuwa na Eneza ya kufundisha kwa SMS, hapa kwetu Shule Direct wapo toka 2013. Sisi tulisema cha kututofautisha ni video, mtoto amuone mwalimu na ubao, aulize hapo hapo ajibiwe.

Wiki ya kwanza walijiandikisha 61. Kipindi cha kwanza waliingia watatu, cha pili wawili, cha tatu mwalimu alifundisha dakika arobaini peke yake mbele ya kamera na alipomaliza akafuta ubao akaondoka hajatuambia neno.

Halafu kwenye rekodi za seva tukaona kitu hatukukielewa. Watu walikuwa wanaingia, tena wengi, ila wote kati ya saa tatu na saa sita usiku. Mwenzangu akasema hilo ni kosa la saa, seva inahesabu saa za kimataifa, UTC, na sisi tuko mbele kwa masaa matatu, itakuwa mahali fulani tumejumlisha mara mbili. Tukakesha tunatafuta hilo kosa mstari kwa mstari. Halikuwepo, saa zilikuwa sahihi. Ndipo nikatuma meseji kwa wote 61 kuwauliza kwanini hawaingii asubuhi, na jibu la kwanza kurudi ndio hilo la Feri.

Nikamuomba yule binti aliyeituma ruhusa ya mama yake nikawatembelee. Kesho yake jioni nikapanda daladala ya Mbagala, kipindi kile ni levo siti hakuna kusimama, kwa hiyo nilisubiri kituoni lisaa zima, nikashuka Rangi Tatu giza limeshaingia. Mama nilimkuta bado yuko kwenye meza yake anamalizia samaki wa kukaanga, ndoo ya maji yenye koki iko pembeni kwa ajili ya wateja kunawa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, wewe ndio mwalimu wa kwenye simu?"

Nikamwambia mimi sio mwalimu, mimi ndio nimetengeneza hiyo programu. Akasema ni yale yale, kaa hapo kwenye ndoo.

Simu ilikuwa kwenye mkoba wa kiunoni pamoja na hela. Tecno, kioo kimepasuka kona moja. Akanieleza vizuri tu, wala halalamiki, kwamba saa kumi alfajiri yuko njiani kwenda Feri na simu lazima awe nayo, kwanza ni usalama wake, pili wateja wake wengine wanalipia huko huko kwenye simu, saa sita mchana anarudi anakaanga, anauza mpaka saa mbili usiku. Kwa hiyo simu ya nyumba nzima inafika nyumbani saa tatu ikiwa na chaji robo. Niliposikia hivyo niliona kabisa ile rekodi ya seva mbele ya macho yangu. Lile giza la mchana kwenye grafu yetu lilikuwa ni akina mama wako kazini na simu zao.

Tukaenda nyumbani. Chumba na sebule, wadogo zake watatu wameshalala kwenye mkeka. Binti akachukua simu, akafungua kipindi cha asubuhi alichokikosa, video ina MB 48, bando la jero limebaki kidogo. Tukaangalia duara linazunguka, linazunguka, ikaonyesha sura ya mwalimu sekunde kama kumi halafu bando likaisha. Miezi saba ya kazi. Kusema ukweli niliumia, na kilichoniuma zaidi ni yule binti kuniomba msamaha mimi, eti samahani kaka mtandao wa huku.

Nikamwambia weka simu, lete daftari.

Mada ilikuwa linear programming, hesabu za kutafuta kiasi kinachofaa zaidi ndani ya masharti uliyopewa. Kujumlisha anajua, kuchora grafu anachora safi kuliko mimi, mistari imenyooka. Lakini kila swali anakosa. Nikamwambia nisomee swali kwa sauti, akafika kwenye "at most 40" akaandika x ≥ 40, yaani 40 au zaidi. Nikamuuliza kwanini. Akasema si wamesema most kaka, most si ni nyingi? Na "at least" akaigeuza vile vile, maana least ni kidogo basi akaweka alama ya kidogo. Mtoto ana hesabu zote kichwani anaangushwa na maneno mawili ya Kiingereza, na toka kidato cha tatu hakuna aliyekaa naye karibu kiasi cha kuona kosa liko wapi.

Mama alikuwa anahesabu hela za mauzo. Nikamuuliza, mama ukienda Feri samaki unanunuaje? Akasema: "Nina elfu sitini. Vibua visipungue thelathini, hivyo ndio vinaniletea wateja. Changu zisizidi kumi, zikizidi zinalala."

Binti akainua kichwa. Akaandika thelathini na alama yake, akaandika kumi na alama yake, zote sahihi, halafu akarudi kwenye swali la kitabu akafuta kwa ufutio mpaka karatasi ikataka kuchanika. Pembeni ya "at least" akaandika visipungue, pembeni ya "at most" akaandika visizidi.

Nilirudi Kijitonyama kwa bodaboda usiku mkubwa nikamuamsha mwenzangu. Alikataa. Kaniambia bila video sisi ni kama wengine tu, tukabishana mpaka adhana ya alfajiri. Mwalimu naye alikataa kuelezea kwa Kiswahili, hoja yake mtihani unakuja kwa Kiingereza na mtoto atachanganyikiwa, na hiyo hoja siwezi kuidharau maana ni kweli mtihani unakuja hivyo. Mwisho tukakubaliana hivi: swali linabaki kwa Kiingereza, maelezo yanakuja kwa sauti kwa Kiswahili, dakika tatu tatu, faili lisifike hata MB moja, na zote zitumwe saa tatu usiku. Video tukazizima. Mwenzangu ndiye alibonyeza, mimi sikuweza.

Sauti ya kwanza tuliituma siku nne baadaye, mwalimu anaanza kwa kusema vibua visipungue thelathini. Nikakaa macho naangalia seva. Saa sita na dakika kumi usiku ikaingia voisi noti kutoka Mbagala, binti ananong'ona asiamshe wadogo zake: "Kaka, na wakisema not less than, hiyo nayo si ndio visipungue?"

Na nyuma yake namsikia mama anauliza chaji imebaki ngapi, kesho Feri.