Nilienda Mfangano kupiga picha, upepo ukanilaza huko

Wacha nianze na hili neno bichi maana ndilo lilinichanganya. Ukimwambia mtu wa Nairobi unaenda bichi anaona Diani, minazi, mtu amelala kwa taulo. Huku kwetu Ziwa Victoria bichi ni pahali samaki anashukia, kuna mzani, kuna mwenyekiti, kuna mama wa chai na deni lake limeandikwa kwa kitabu. Mimi hilo nalijua vizuri kabisa, nimeishi Kisumu miaka kumi na tatu, na bado nilibeba taulo. Taulo!

Nina kibanda cha kuchapisha na fotokopi hapa Kondele. Kuna jamaa tunafanya naye kazi, mtu wa kabila la Wasuba, kila mwaka ananiambia twende kwetu kisiwani Mfangano uone ziwa lenyewe, hilo lenu la Dunga, bichi ya hapa Kisumu, ni bakuli tu. Nilidhani ni maringo ya mtu wa kisiwa. Lakini ukiangalia ramani jamaa ana hoja, hapa Kisumu tumekaa ndani ya ghuba, maji yamezungukwa pande zote, mdomo wa hiyo ghuba uko huko Mbita na Rusinga, na Mfangano iko nje ya mdomo. Ziwa lote ni kilomita za mraba karibu 68,800 na Kenya tuna kama asilimia 6 peke yake, sasa sisi watu wa Dunga tunajigamba na pembe ya hiyo asilimia 6.

Safari sitawachosha nayo. Matatu ya alfajiri kupitia Ndori hadi Luanda Kotieno, feri hadi Mbita, halafu boti ya mbao yenye injini hadi Sena, hapo ndio unavaa laifjaketi inayonuka samaki wa mbuta na unanyamaza. Kutoka Sena pikipiki ikatuzungusha upande ule mwingine wa kisiwa, upande wa magharibi unaoangalia Uganda. Jina la bichi yenyewe sitaitaja, wenyeji hawajaniambia niwaalike nyinyi wote.

Tulipofika ilikuwa kama saa sita na nikasema huyu jamaa hakunidanganya. Mlima unashuka mwinuko hadi majini, hakuna kale kauwanda ka kupumzika katikati, ni mawe makubwa kama nyumba yamerundikana, mengine yameshikwa na mizizi ya mkuyu kama mtu ameshika mpira, halafu chini kabisa kuna kipande cha mchanga labda hatua mia moja. Kwa mawe ya mbele walikuwa wamesimama wale ndege weusi wa kuzamia, wamefungua mabawa wayakaushe, wote wameangalia upande mmoja. Na mbele yao hakuna kitu. Hakuna ng'ambo. Jamaa akanionyesha kwa kidole, akasema huko mbali upande ule ndio visiwa vya Remba na Ringiti, na ukizidi kwenda Migingo ile ya kwenye taarifa, Kenya na Uganda wanakogombania, mimi nikaitikia tu, nilikuwa naona maji na mbingu.

Kuna mti mmoja ulikuwa umesimama ndani ya maji, umekauka. Akaniambia huo ulikuwa kivuli cha wazee, mwaka 2020 ziwa lilipopanda lilikula bichi yote hadi kwa mlango wa duka, na ingawa maji yalirudi nyuma kiasi mti haukurudi.

Sasa mimi nikatoa simu. Nilikuwa na stendi ya simu, nilikuwa na kofia mpya, nikaanza kurudi nyuma nyuma nitafute pembe nzuri nishike mlima na maji pamoja, nikarudi, nikarudi, nikasikia kitu chini ya kiatu kinalia kakaka kama majani makavu.

"We! Toka hapo!"

Nilikuwa nimesimama juu ya omena ya mtu, wale dagaa wa ziwa. Nyavu zilikuwa zimetandazwa kutoka mawe hadi njiani, kila pembe imewekewa jiwe, na juu yake omena imemwagwa laini, nyingine bado zinameta, nyingine zimeanza kujikunja mkia. Mama mzee akaja na ufagio mkononi, nikajua nimekwisha. Hakunipiga. Aliinama akaanza kuokota zile nilizokanyaga, moja moja, akinionyesha kila moja. "Kiatu chako kina mchanga. Omena ikiwa na mchanga mnunuzi anaiita ya kulisha kuku. Bei ya kuku mimi nitalipa nini nayo?"

Nikamwambia pole mama. Akaniuliza nimetoka wapi, nikasema Kisumu lakini kwetu ni Vihiga, akacheka sana akamwita mwenzake waje waone Mluhya amekuja kuvua samaki kwa miguu. Hapo tukawa marafiki, yaani rafiki wa kutumwa. Nikapewa kazi ya kugeuza. Unatia mkono chini ya wavu, unauinua kidogo unautikisa ili zigeuke, huzishiki kwa vidole maana zinavunjika vichwa. Nilidhani ni kazi ya dakika tano. Mgongo wangu bado unaikumbuka.

Saa nane ikapita kidogo ndio upepo ukaja. Mimi nilikuwa nawaza upepo unaanza polepole, kumbe huu unauona kwanza. Kule mbali maji yalibadilika rangi, mstari mweusi ukaanza kusogea, wale mama wakaacha kuongea wakaenda kuongeza mawe kwa nyavu bila mtu kuambia mwenzake. Halafu ukafika. Kofia yangu sikuiona ikienda, nilihisi tu kichwa kimepata baridi. Stendi ikaanguka, mchanga ukaanza kupiga miguu kama sindano, mawimbi yakawa yanapasukia kwa yale mawe yanaruka juu yanatunyeshea sisi tuko mbali kabisa, na ukipanguza mdomo unashangaa maji hayana chumvi. Akili inakwambia hii ni bahari, ulimi unakataa.

Nikauliza boti ya kurudi ni saa ngapi. Mama akanionyesha ziwa na kidevu.

Alinieleza vizuri kuliko mwalimu wangu wa jiografia. Mchana nchi inapata joto haraka, maji yanachelewa, hewa ya ziwa inakuja kujaza nafasi. Usiku inageuka, nchi inapoa, upepo unatoka mlimani unaelekea ziwani. Hao wa boti za tanga walikuwa wanaenda na ule wa usiku na kurudi na huu wa mchana, sasa wewe unataka kuondoka wakati unasukumwa kurudi? Nahodha wa kuturudisha hata hakubishana, alikuwa amelala chini ya boti iliyopinduliwa, amefunika uso na shati. Nikampigia mke wangu, netiweki inakuja inaenda, akasikia upepo tu akadhani niko kwa pikipiki.

Kuogelea sikuogelea, mkiniuliza. Kuna kichocho, na jamaa alinitajia viboko kwa sauti ya kawaida mno.

Tukalala kwa baba yake mdogo, nyumba ya mabati, na hayo mabati yaliongea hadi kama saa tatu usiku halafu yakanyamaza ghafla, ndio nikatoka nje. Hakukuwa na mwezi. Wavuvi wa omena wanapenda giza, mwezi ukijaa taa zao hazivuti kitu, na sasa walikuwa wametawanyika huko mbele, taa nyingi, kila mmoja amekaa mbali na mwenzake. Nilijaribu kupiga picha. Ilitoka nyeusi na vumbi la kioo. Nikarudisha simu mfukoni nikakaa hapo kwa jiwe hadi baridi ikanifukuza.

Asubuhi maji yalikuwa yametulia kama chai kwa kikombe, huwezi amini ni yale yale. Yule mama akanipimia gorogoro moja ya omena, lile kopo la kupimia, akakataa pesa, nikalazimisha, akachukua nusu. Kwa boti nikahesabu picha, 212, za kuonyesha mtu ni nne na moja yake ni ya kidole changu.

Jana mke wangu amezipika, amekaanga na nyanya na dania, ugali wa mtama. Nikamwangalia anatafuna. Nikamuuliza zina mchanga? Akasema hapana, safi kabisa, mchanga umejaa kwa begi lako, na hilo taulo ulienda nalo wapi, mbona halijafunguliwa.