AC haina ugonjwa, ugonjwa ni ukuta

Jana nimeitwa ofisi moja ya serikali hapa Tanga, jina siitaji, ghorofa ya nne, eti AC haipoozi. Lifti mbovu, nikapanda ngazi na mtungi wa gesi begani, nafika juu jasho chapachapa na mle ndani joto lile lile la nje. Jengo vioo mwanzo mwisho, na upande wa magharibi ndo vimejaa zaidi, saa nane na kitu mchana jua liko juu ya faili. Mama wa pale kabandika maboksi ya karatasi za fotokopi dirishani, sasa giza, kwa hiyo taa zinawaka mchana kweupe.

Nikapima gesi, iko sawa tu.

Nikatoa simu nikamwonyesha jengo ninalolipenda kuliko yote, Capanema la Rio de Janeiro, Brazil. Nalo ni la serikali bana, lilijengwa liwe Wizara ya Elimu na Afya, michoro imeanza 1936 na uzinduzi 1945. Waliolichora ni Lucio Costa na wenzake, Oscar Niemeyer akiwemo bado kijana, na Le Corbusier akaitwa kuwashauri. Limesimama juu ya nguzo ndefu za zege, chini wazi, mpita njia anakatiza kivulini na upepo unapita. Kule jua karibu mwaka mzima linapitia kaskazini, basi ukuta wa kaskazini wote wakauwekea luva, yaani vibao vya kukinga jua, za kulala, nje ya kioo, unazigeuza kufuata jua, na ule wa kusini wakauacha vioo vitupu kwa ajili ya mwanga. Hapo ndo pana ufundi, maana jua likishapita kioo limeshaingia ndani, pazia linakusaidia kidogo tu. Sie Tanga jua linatupitia karibu utosini, adui wetu ni la asubuhi na la jioni, kwa hiyo luva zetu ningezisimamisha wima mashariki na magharibi. Wala sio mambo mageni, Cliff Block, jengo la zamani la hospitali pale Bombo, Wajerumani waliliwekea baraza za kukinga jua.

Mama kaangalia picha weee, akakuza kwa vidole viwili.

"Zuri. Ila fundi, we ongeza gesi tu, mie natoka saa tisa na nusu."